Golori Ndani ya Swichi: Mafundi Umeme wa Ngamiani na Magari ya Zamani

Fundi anayeijua kazi, akitaka kufungua swichi ya taa ya Land Rover ya mwaka 1962, hutandika kwanza kitambaa cheupe mezani. Si kwa ajili ya usafi. Ndani ya swichi nyingi za namna ile kuna golori ya chuma, ndogo kama punje ya mtama, imekandamizwa na springi, na masikio ya bati yanayofunga kopo yakiinuliwa tu, golori huruka. Ikidondoka kwenye kitambaa, inaonekana. Ikidondoka kwenye mchanga wa uani, imekwenda. Bila golori hiyo mkono wa swichi huteleza ovyo, na ule mlio mdogo unaomwambia dereva gizani kwamba taa zimeshika haupo tena.

Kiwanda kiliyakunja masikio yale kwa nia kwamba hayatakunjuliwa. Swichi ikifa, inunuliwe nyingine. Lakini kwa miaka mingi hapa Tanga nyingine haikuwapo, na ndiyo maana mafundi umeme wa Ngamiani wakawa watu wa kufungua kisichofunguliwa. Kazi hiyo ina historia yake, nayo imefungamana na reli, mkonge, mpaka uliofungwa na upepo wa chumvi.

Ngamiani ni mahali pa ngamia, kama jina linavyosema. Tangu enzi za Wajerumani ndiyo iliyokuwa makazi ya Waafrika wa mji wa Tanga, kusini mwa reli, ikipangwa kwa barabara zilizonyooka ambazo hadi leo zinaitwa kwa namba: Barabara ya Nne, Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Mbili. Ng'ambo ya pili kulikuwa na bandari, ofisi za serikali na maduka makubwa. Mji ulipohitaji mikono, mikono ilitoka Ngamiani. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na penye garimoshi pana karakana, patasi, tupa na watu waliozoea kusikiliza chuma. Shule ya serikali ya Tanga nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa ikifundisha vijana kusoma na kuandika pamoja na kazi za mikono. Gari lilipokuja halikukuta mji usiojua spana.

Magari ya mwanzo hayakuwa na swichi za kutengeneza. Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam Agosti 1907 kulivuka bara kwa gari, safari iliyomfikisha Swakopmund Mei 1909, taa za magari ya wakati ule ziliwaka kwa gesi ya kabaidi: maji yanadondokea kabaidi, gesi inapanda, dereva anashuka na kuiwasha. Swichi ilikuwa kiberiti. Injini ilizungushwa kwa hendeli, na waliovunjika mkono kwa teke la hendeli hawakuwa wachache. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ikaanza kuuza gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Hapo ndipo betri, dainamo na swichi zilipojenga makao ndani ya gari, na hapo ndipo alipozaliwa fundi wa aina mpya, asiyeshughulika na pistoni wala springi za chini bali na waya.

Waingereza waliitwaa Tanga mwaka 1916, na magari yaliyoshuka bandarini miaka iliyofuata mengi yakawa ya kwao: Morris, Austin, Bedford, baadaye Land Rover. Umeme wa karibu yote hayo ulitoka nyumba moja, kampuni ya Lucas ya Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, alianza kwa kuuza mafuta ya taa mitaani kwa mkokoteni, na mwaka 1879 akatoa taa ya baiskeli aliyoiita Mfalme wa Barabara. Tanga, mji wa baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii, ulikuwa mahali pazuri kwa mtengeneza taa.

Madereva wa Uingereza wenyewe walikuwa na utani juu ya Lucas, wakimwita Mwana wa Mfalme wa Giza kwa jinsi taa zake zilivyosifika kuzimika. Utani huo haumtendei haki. Aliyefungua swichi za Lucas za miaka ya 1950 ameona shaba nene, bakelaiti nzito na springi ambazo miaka 60 haijazichosha. Lawama nyingi zilizobebeshwa swichi zilipaswa kwenda mahali pengine kabisa, kama tutakavyoona.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Tanga ilikuwa kana kwamba inaisubiri. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 ikasalimika miche 62 tu, ulikuwa umeshakuwa uti wa mgongo wa mkoa mzima, na vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei yake ikapaa. Mashamba yakawa na fedha. Mameneja walihitaji gari la kupita kati ya mistari ya mkonge, na wengine gari la kupanda njia ya udongo mwekundu kutoka Muheza hadi Amani. Land Rover ikazifanya kazi zote mbili, na inapoharibika usiku ikaletwa mjini.

Dashibodi yake ilikuwa na mambo machache, na kila moja lilikuwa na maana. Katikati kuna bamba, na kwenye bamba swichi moja inayobeba kazi mbili: tundu la ufunguo katikati, na mkono unaouzunguka wenye alama za herufi S na H, yaani taa ndogo na taa kubwa. Ufunguo ulifungua umeme tu. Injini ilikuwa na kitufe chake pembeni, cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kupunguza taa kubwa ili usimpofue mwenzako kulifanywa kwa mguu wa kushoto, kwa swichi ya chuma iliyofungwa sakafuni kando ya klachi. Swichi hiyo ya mguu iliishi maisha magumu kuliko zote. Ilikanyagwa na viatu vyenye tope la Usambara, ikamwagiwa maji kila gari lilipovuka kijito, na ikakaa juu ya tundu lililoingiza vumbi kutoka chini. Fundi yeyote wa zamani atakwambia kwamba hiyo ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba.

Nyuma ya swichi za Lucas mara nyingi kuna maandishi madogo yaliyogongwa kwenye bati: aina ya swichi, namba ya spea, na namba za tarehe ambazo mbili za mwisho ni mwaka. Mafundi waliozizoea walizisoma kama watu wanavyosoma tarehe kwenye jiwe la msikiti. Gari la mwaka 1959 lenye swichi ya mwaka 1966 limeshafunguliwa na mtu mwingine, na fundi hujua kuwa lazima achunguze alichoacha mwenzake.

Waya nazo zilikuwa na lugha. Kwenye magari ya Kiingereza waya wa kahawia ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Mweupe ulipita kwenye ufunguo. Wa kijani ulipita kwenye ufunguo kisha fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, zambarau ni umeme uliopo muda wote ukilindwa na fyuzi, nyeusi ni bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kijana aliyeingia gereji bila kujua neno la Kiingereza aliweza, baada ya miezi michache, kutazama fundo la waya chini ya dashibodi na kukueleza kila mmoja unakwenda wapi. Elimu hiyo haikuwa na kitabu. Ilipokelewa kwa kushika taa ya mkono ukimmulikia fundi, na kukaripiwa unapomulika pasipo.

Palikuwa na mtego mmoja uliomaliza wengi. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967, sawa na magari mengi ya Kiingereza ya enzi ile, zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayefunga betri kwa mazoea ya leo kwenye gari kama hilo ataona taa zinawaka vizuri, maana balbu haijali umeme unaingia upande gani. Lakini sindano ya kupimia chaji itakwenda kinyume, na dainamo, isipogeuzwa nayo, itaunguza katauti, kifaa kinachoiunga na kuikata dainamo na betri. Swichi yenyewe haidhuriki. Ndiyo maana mafundi wa Ngamiani walikuwa na desturi ya kukagua sumaku ya dainamo na alama za betri kabla ya kugusa chochote, na desturi hiyo inafaa hadi leo.

Volkswagen ya kobe nayo ilikuja na shari yake. Hadi mwaka 1966 ilitumia umeme wa volti 6. Balbu ya wati 45 kwenye volti 12 hunywa karibu ampea 4. Kwenye volti 6 inakunywa maradufu. Umeme mwingi zaidi kupita kwenye kipande kilekile cha shaba ni joto zaidi, na joto ndilo linaloua swichi.

Hesabu yake ni rahisi. Taa mbili kubwa za wati 45 kwenye volti 12 hupitisha ampea 7.5. Swichi safi haizioni. Lakini iache miaka mitano kwenye upepo wa bahari ya Tanga, shaba ipate ule ukungu wa kijani, na ukinzani wa omu 0.2 tu utatosha kuyeyusha karibu wati 11 ndani ya kikopo cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Ni joto la kuunguza kidole. Springi inalegea kwa moto, mguso unalegea zaidi, moto unaongezeka, na mwisho bakelaiti inapasuka. Dereva anachoona ni taa zilizofifia. Anabadilisha balbu.

Kwa hiyo mazungumzo ya gereji huanza kwa maswali, na maswali hayo yamepita kinywa hadi kinywa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zinazimika ghafla au zinafifia?"

Zikizimika kwenye bonde na kurudi zenyewe, waya umelegea. Zikififia zote na swichi ikawa ya moto, miguso imechoka. Moja ikiwaka vizuri na nyingine ikawa nyekundu kama kaa la mkaa, swichi haina kosa: tafuta bodi. Hapa ndipo penye lawama iliyobebeshwa Lucas. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, iliyochaguliwa kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na ndiyo maana magari haya yanaonekana mazima pwani wakati mengine yameliwa hadi milango. Lakini aluminiamu inapokutana na bolti ya chuma penye chumvi na unyevu, huota unga mweupe kwenye maungio, na unga huo haupitishi umeme. Umeme uliokwenda kwenye taa hauna njia ya kurudi. Fundi mwenye haraka huuza swichi mpya. Mwenye subira hukwangua bolti moja.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru spea hazikuwa tatizo. Mkonge ulifika kilele mwaka 1964, tani 230,000 hivi, na kisichopatikana dukani Tanga kilifuatwa Mombasa, safari isiyofika kilomita 200. Barabarani Peugeot 404 ilikuwa imeingia kwa kishindo, ikisaidiwa na sifa za mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ambayo Bert Shankland na Chris Rothwell waliyashinda nayo mwaka 1966 na tena 1967. Gari la Kifaransa liliweka taa kwenye kijiti cha usukani na waya zake hazikufuata rangi za Waingereza. Mafundi wakajifunza lugha ya pili.

Kisha milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Nyuzi za plastiki ziliuporomosha mkonge. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Dar es Salaam hilo lilikuwa jambo zito. Kwa Tanga lilikuwa kukatwa mkono, maana duka lake la spea lilikuwa Mombasa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza fedha za kigeni zilizobaki. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na katoni ya spea isiyo na karatasi ikawa mzigo wa hatari kuwa nao nyumbani.

Ufundi wa swichi ulikomaa katika miaka hiyo. Ukitaka kuupa tarehe ya kuzaliwa, mwandishi huyu angeiandika 1977.

Ukungu wa kijani kwenye shaba uliondolewa kwa dawa iliyokuwa jikoni: ukwaju na ndimu, vitu vilevile ambavyo kina mama wa pwani wamesugulia masinia na vyetezo tangu zamani. Asidi inakula ukungu na kuiacha shaba; kazi ni kusuuza kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi na kukausha juani kabla ukungu haujaanza upya. Msasa laini ulifuata, kisha vaselini kidogo ya kuzuia unyevu. Springi iliyolegea ilibadilishwa na ya kalamu ya wino, ikikatwa mizunguko hadi ilingane. Golori iliyopotea ilipatikana kwenye beringi kuukuu ya baiskeli, na Tanga haijawahi kukosa beringi za baiskeli. Mguso ulioungua ulichongewa mwingine kutoka kwenye rilei iliyokufa na kupigiliwa kwa ribiti ya waya wa shaba. Bakelaiti iliyopasuka ndiyo iliyosumbua, kwa kuwa haiyeyuki ikafinyangwa upya. Ilipasua vichwa hadi mtu akachonga kipande kutoka kwenye kifuniko cha swichi ya nyumbani ya zamani, ambacho nacho ni bakelaiti.

Masikio ya bati yalikuwa na sheria yake. Yanavumilia kukunjuliwa mara mbili, pengine tatu, kisha yanakatika. Fundi aliyakunjua kidogo kidogo kwa bisibisi nyembamba, kila moja mara moja tu, na aliporudisha hakugonga kwa nyundo bali alibana kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Swichi iliyotoka mikononi mwake ilionekana haijafunguliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari.

Haifai kuyapamba yote. Uhaba huohuo uliharibu mengi. Waya za rangi zilipounguzwa na shoti, zilibadilishwa kwa zilizopatikana, na magari mengi yakaishia na waya nyekundu tupu kuanzia betri hadi taa ya nyuma, kama kitabu chenye herufi moja. Swichi za ukutani zilifungwa kwenye dashibodi. Stata zikawa za kugusanisha waya mbili mkononi, cheche zikiruka karibu na tangi la petroli lililo chini ya kiti. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Gari lilipaswa kufika shamba asubuhi. Lakini anayetaka leo kulirudisha gari la aina hiyo katika hali yake ana kazi ya kufukua tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuleta bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi biashara ikafunguka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika ya Japani yakajaa. Swichi zake ni za plastiki, kazi nne kwenye kijiti kimoja, na ikifa inatupwa yote na kufungwa ya mtumba. Vijana wa spana walioingia kazini wakati huo hawakuwa na sababu ya kutandika kitambaa cheupe.

Sasa upepo umegeuka kidogo. Land Rover za zamani za aina ya Series, iliyokoma kutengenezwa mwaka 1985, zimeanza kutafutwa na watu wanaozipenda kwa uzee wake. Oktoba 2024 wenye Land Rover kutoka kila upande walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na kati ya magari yaliyokuwapo yalikuwamo ambayo yamewazidi umri wenyewe. Mnunuzi wa gari la namna hiyo hataki swichi ya ukutani kwenye dashibodi. Anataka ile yenye S na H.

Nakala mpya zinauzwa, nyingi zikitoka Asia, na zinaingia kwenye tundu bila taabu. Ila bati lake ni jembamba na miguso yake ni midogo, na ukizibebesha balbu za kisasa za wati 60 hazimalizi masika mawili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, dawa iliyo bora ni kuisafisha swichi ya asili na kuificha rilei nyuma ya bamba. Umeme mkubwa wa taa hupita kwenye rilei. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuiamrisha tu, kwa mkondo usiofika hata ampea moja. Gari linabaki na sura yake, dereva anasikia mlio wake, na shaba ya mwaka 1962 inapumzika. Rilei ikifa, ya kubadilisha ipo duka lolote.

Kinachotia wasiwasi ni mikono yenyewe. Chuo cha VETA kinafundisha umeme wa magari, na ni sawa kifundishe magari ya leo, maana ndiyo yatakayowapa vijana mkate. Lakini ujuzi wa ukwaju na golori haujaandikwa popote, na waliourithi miaka ya mpaka kufungwa sasa ni wazee.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari la zamani: ukifungiwa swichi mpya, iombe ile ya zamani. Usiiache gereji. Ifunge kwenye kitambaa pamoja na skrubu zake, andika juu yake namba ya gari, mwaka na kilichoiua, kisha itie kwenye kopo. Na kama unamjua fundi mzee Ngamiani ambaye bado anaifungua swichi bila kulikata sikio la bati, mpelekee kazi wiki hii, kaa kando yake, na uwashe simu urekodi.